Swichi ya Stendi ya Pikipiki: Usikubali Ikatwe

Tangu Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kimeenea sana mashambani. Mkulima wa Kinangop hupakia maziwa alfajiri, na siku ya kutafuta spea huteremka Limuru, akapita Kangemi, mpaka Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Huko, na kwa mafundi wa jua kali wa Kawangware, keria hupanuliwa, vyuma vya kukinga miguu huchomelewa, na stendi huongezwa urefu. Kazi nyingi ni nzuri. Lakini iko moja mbaya, nayo ni kukata waya za swichi ya stendi.

Tazama penye mzizi wa stendi ndogo, upande wa kushoto. Ukiona kidude cha plastiki chenye waya, hiyo ndiyo swichi. Stendi ikiwa chini na gia imeingia, swichi hukata moto na injini huzimika.

Sababu yake ni hii. Ukisahau kukunja stendi na kwenda moja kwa moja, huenda usione dalili yo yote. Lakini ukikata kona ya kushoto, pikipiki hulalia upande huo. Ncha ya chuma hugonga lami, gurudumu la nyuma huinuka, nawe hutupwa. Hapa Kenya tunapita kushoto, kwa hiyo kona ya kushoto haingoji magari ya mbele, na mtu huikata upesi. Mwenye debe la maziwa la lita 50 nyuma yake amebeba zaidi ya kilo 50, nazo humfuata aangukapo.

Kwa nini basi watu huikata? Ni kwa sababu ya matope. Vumbi na samadi huganda ndani ya swichi, na kila ukiingiza gia injini huzimika ingawa stendi imekunjwa. Fundi mwenye haraka huunganisha waya pamoja, pikipiki ikaenda, nawe ukamshukuru.

Fanya hivi kwanza. Osha mzizi wa stendi kwa maji na mswaki wa zamani, uache ukauke, kisha utie grisi kidogo kwenye bolti. Angalia springi: ikiwa imelegea, stendi haipandi mpaka mwisho, na swichi haina kosa. Kisha jaribu. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa juu ya ardhi. Washa injini katika nyutro, teremsha stendi ndogo, shika klachi, ingiza gia ya kwanza. Injini ikizimika, swichi ni nzima. Isipozimika, huenda mtu amekwisha kuikata kabla hujainunua pikipiki hiyo. Kuunganisha waya kwa dakika chache ili kutafuta kosa si vibaya. Swichi ikiwa imekufa, nunua nyingine.

Kuhusu kuongeza urefu wa stendi, mimi siipendi kazi hiyo. Kipande cha nondo kilichochomelewa huning'inia chini hata stendi ikiwa imekunjwa. Tena ukipakia mzigo, springi za nyuma hushuka, pikipiki husimama wima mno juu ya stendi ndefu, na huweza kuanguka upande wa kulia. Pakia juu ya stendi kubwa. Na fundi akichomelea cho chote kwa umeme, mwambie kwanza afungue waya za betri, maana umeme huo huweza kuharibu vifaa vya moto wa plagi.

Pikipiki nyingine hazina swichi kabisa. Wenye mashine kama hizo wanaweza kufunga taa. Nunua swichi ya breki ya nyuma, ile inayovutwa kwa springi, pamoja na taa ndogo nyekundu ya volti 12. Ifungie kwenye fremu ili stendi ikishuka iivute, na umeme wake utoke kwenye swichi ya ufunguo kwa kupitia fyuzi. Stendi ikiwa chini, taa huwaka mbele ya macho yako. Taa hii haizimi injini. Kwa hiyo waya ukikatika, hutakwama katikati ya magari ya Waiyaki Way. Ila itazame kila asubuhi kama inawaka kabla ya kukunja stendi, kwani taa iliyoungua hufanana na stendi iliyokunjwa.