Huzuni Isiyoondoka: Jinsi Tabibu Aijuavyo na Aitibuvyo



Katika magonjwa yaletwayo zahanatini kila siku umo mmoja usioonekana kwa macho wala kusikika kwa kipimo cha kifuani. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui jina lake. Husema, “Kichwa kinaniuma,” au “Mwili hauna nguvu,” au “Tumbo lawaka, na usiku sipati usingizi.” Hupewa dawa ya maumivu akaenda zake, na baada ya majuma mawili hurudi na maneno yale yale. Hapo watu wa nyumbani huanza kunong’ona: huyu ni mvivu, huyu amerogwa, huyu ana neno alilolificha. Na baadhi yetu tufundishao katika sharika huongeza la kwetu, kwamba imani yake imepoa.

Ugonjwa huo leo huitwa sonona. Wengine, hasa katika Kenya, husema unyogovu. Napenda kueleza jinsi tabibu wa kawaida aujuavyo na autibuvyo, kwa maana sisi tuingiao nyumba za watu twaweza kumsaidia sana katika kazi yake, au kumharibia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Huzuni ni ya wanadamu wote. Aliyefiwa hulia, aliyepotewa na mavuno hukaa kimya, naye hana ugonjwa. Huzuni hiyo huja kama mawimbi: mtu hulia, kisha akiletewa mtoto wa nduguye hucheka kidogo, na siku zipitapo hurudi shambani. Sonona si hivyo. Hukaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, na huondoa utamu wa vitu vyote. Mama hamwonei furaha mtoto wake. Mwimbaji haoni haja ya kwenda kwaya. Usingizi humtoka alfajiri mapema, au hulala mchana kutwa, chakula humshinda, hawezi kukusanya mawazo yake hata kwa barua fupi, hujiona hafai, na kujilaumu kwa mambo ambayo hata mwenziwe ayakumbuki.

Mtu aweza kudhani ugonjwa kama huo ni kazi ya madaktari wa akili peke yao. Sivyo. Uingereza, tangu mwaka 1948, kila mtu aweza kuandikishwa kwa daktari wa familia, yaani daktari wa kwanza, ajuaye mgonjwa pamoja na nyumba yake. Na wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa na huyo, wasimwone bingwa kamwe. Kwetu mahali hapo hukaliwa na tabibu wa zahanati au wa kituo cha afya. Bingwa yu mbali, na nauli ni ghali.

Je, tabibu huujuaje? Hakuna damu ipimwayo ikaonyesha sonona, wala picha ya kichwa. Chombo chake ni swali, na masikio ya kungoja jibu. Mwaka 1997 Mary Whooley na wenzake katika Marekani walionyesha kwamba maswali mawili tu yaweza kuwakamata wengi wa wale waliokuwa wakipita bila kutambuliwa. La kwanza, kwa maana yake: katika mwezi uliopita, je, mara nyingi umesumbuliwa na moyo mzito au kukata tamaa? La pili: je, umesumbuliwa na kutopendezwa na mambo uliyoyapenda? Akijibu hapana kwa yote mawili, yamkini hana ugonjwa huu. Akijibu ndiyo kwa moja, tabibu huendelea kuuliza.

Hapo wengi hutumia karatasi ya maswali tisa iliyotungwa na Robert Spitzer, Kurt Kroenke na Janet Williams, na kutangazwa mwaka 2001. Huuliza habari za majuma mawili yaliyopita: furaha, huzuni, usingizi, nguvu, chakula, kujidharau, kukusanya mawazo, kwenda polepole au kutotulia, na mwisho mawazo ya kufa. Kila swali lina jibu kati ya 0, ndiyo kusema hapana kabisa, na 3, ndiyo kusema karibu kila siku. Jumla yake yaweza kufika 27. Aliyefika 10 hutazamwa kwa uangalifu. Aliyefika 20 yu katika hali nzito. Karatasi hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili, na imetumika Kenya na Tanzania. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Tabibu mwema huitumia kama mvuvi atumiavyo chambo: yamsaidia kupata neno, kisha huiweka kando na kuongea na mtu.

Pia hana budi kutafuta magonjwa mengine yavaayo nguo za sonona. Upungufu wa damu huchosha. Tezi ya shingoni ikilegea, mtu huwa mzito na mwenye huzuni. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, na dawa nyingine huweza kufanya vivyo hivyo. Pombe nayo aiulize bila haya, maana wengi hunywa ili wasahau, na pombe yenyewe huzidisha huzuni. Mama aliyejifungua karibuni aulizwe kwa upole zaidi, kwa kuwa watu humwambia afurahi, naye huona aibu kusema kwamba hawezi. Tena aulizwe kila mgonjwa kama amewahi kuwa na siku za kuchangamka kupita kiasi, asilale, aseme bila kukoma, atapanye fedha. Akiwa amepata siku hizo, ugonjwa wake ni wa namna nyingine, na dawa za sonona peke yake zaweza kumrusha tena katika hali hiyo.

Swali la tisa latutia hofu wengi. Twadhani tukimwuliza mtu kama amewaza kujiua, tutakuwa tumempandia wazo. Waliochunguza jambo hili hawakuona hivyo. Mara nyingi mgonjwa hupumua, kwa maana amepata mtu wa kumshirikisha siri iliyomlemea. Basi tabibu huuliza waziwazi: umewaza kufa? umewaza jinsi utakavyofanya? kitu chenyewe unacho nyumbani? Mwenye shauri lililokamilika haachwi peke yake hata usiku mmoja. Hupelekwa hospitali, na nyumbani dawa ya wadudu wa shambani, kamba na vidonge huondolewa. Jambo hili la dawa ya shamba nalisisitiza, maana watu wengi ulimwenguni hufa kwa hiyo katika saa moja ya giza, ambayo kama ingalipita wangalikuwa hai.

Limebaki neno la lugha. Katika nchi zetu mgonjwa hasemi kwa kawaida, “Nina sonona.” Husema, “Nina mawazo.” Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kutokana na neno hilo imezaliwa kazi ambayo nchi nyingine zimekuja kujifunza. Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa akili, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Alikuwa ameshindwa kumfikia hospitalini kwa kukosa nauli. Mwaka 2006 akaanza Mbare, mtaa wa Harare, pamoja na akina bibi 14. Hawa walifundishwa kuketi na mgonjwa juu ya benchi la mbao nje ya zahanati, wakimsaidia kufungua mawazo yake, kuchagua shida moja, na kutafuta njia ya kuitatua yeye mwenyewe. Mwaka 2016 habari za uchunguzi wa watu 573 katika zahanati 24 zilitangazwa. Baada ya miezi sita, katika wale walioketi na bibi, watu kama 14 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Katika wale waliopata matunzo ya kawaida, watu 50 katika 100. Nami naona siri ya bibi hawa ni kwamba hawakuanza na shauri. Sisi wahubiri twapenda kuanza na shauri.

Sasa habari za matibabu. Kwa aliyeshikwa kidogo, tabibu hakimbilii vidonge. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2022 nao wasema vivyo hivyo, dawa zisiwe jambo la kwanza kwa ugonjwa mwepesi, ila mgonjwa akizitaka mwenyewe. Humpangia kuzungumza na mtu aliyefundishwa, mara kadhaa kwa siku zilizowekwa. Humwambia atembee kila siku, alale na kuamka kwa saa moja, aache pombe, na arudie kazi ndogo moja aliyoiacha, hata kama haimpendezi. Asingoje moyo upone ndipo aende shambani. Aende hata dakika kumi, na moyo huweza kufuata nyuma.

Aliyeshikwa sana hupewa dawa pamoja na mazungumzo. Dawa hizi zina asili ya ajabu. Katika mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa mpya; madaktari wakaona kwamba watu waliokuwa wamelala kwa kukata tamaa wanaanza kula na kuchangamka. Dawa ile ilikuwa na madhara ikaachwa, lakini nyingine zilitafutwa. Zijulikanazo sana kwetu ni amitriptilini, dawa ya zamani, na fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Amitriptilini huleta usingizi na kukausha kinywa, na ikinywewa nyingi kwa mara moja huua. Kwa hiyo tabibu mwenye busara humpa mgonjwa wa mashaka vidonge vya siku chache tu, na ndugu ndiye avitunzaye.

Sikilizeni hapa vizuri, kwa maana ndipo wengi waangukapo. Dawa hizi hazifanyi kazi siku ya kwanza. Madhara yake, kama kichefuchefu au kutotulia, huja kwanza. Nafuu huja baada ya majuma mawili hata manne, au zaidi. Mgonjwa huona taabu bila faida, akazitupa. Na yule aliyevumilia akapona huziacha vilevile, akisema, “Nimepona, za nini tena?” Nazo zapasa kuendelea miezi sita au zaidi baada ya kupona, kisha zipunguzwe polepole kwa shauri la tabibu. Kuzikata ghafula huleta kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa waweza kurudi.

Wengine wataniuliza: tumwombee, au tumpeleke zahanatini? Kwani ni nani aliyetuamuru kuchagua? Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, kama tusomavyo katika Wafalme wa Kwanza 19, malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Maneno yalikuja baadaye, huko Horebu. Mwalimu amwambiaye mgonjwa aache vidonge ili aonyeshe imani ametwaa kazi asiyopewa, na hatari yake ni ya mtu mwingine.

Mkimpeleka mtu kwa tabibu, nendeni na habari zilizo wazi: tangu lini amebadilika, analala saa ngapi, anakula nini, ameacha kazi gani, anakunywa pombe au la, na kama katika ukoo wake wamo waliougua hivi au waliojiua. Kisha tokeni nje, mwache aseme peke yake. Mke hatasema yote mbele ya mume, wala kijana mbele ya mzee wa kanisa. Baada ya juma moja mtembeleeni na kumwuliza kama bado ana vidonge na kama siku ya kurudi anaikumbuka.

Na akisha kupona msimwondoe katika macho yenu, maana wengi walioshikwa mara moja hushikwa tena. Muulizeni akiwa mzima ni dalili ipi ilimjia kwanza. Mmoja atasema ni kuamka saa tisa za usiku. Mwingine ni kuwakwepa majirani njiani. Dalili hiyo waijue watu wawili wa nyumbani kwake, ili ikionekana tena aende kwa tabibu juma lile lile.