Kabla ya Kamusi, Vitenzi

Nilipopanga chumba mara ya kwanza Dar es Salaam, mwenye nyumba alinipa mkataba wa kurasa tatu, wote kwa Kiingereza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na Kiingereza changu nilikiamini. Nikafika kwenye sentensi isemayo "The tenant shall repaint the room", nikaelewa kwamba mpangaji atapaka rangi, siku akijaliwa. Siku ya kuhama nilitakiwa kumlipa fundi rangi kwanza ndipo nikabidhi funguo. "Shall" niliyofundishwa darasani ilikuwa ya wakati ujao. Ile ya kwenye mkataba ilikuwa sharti.

Tangu hapo, nikishika andiko lolote la Kiingereza, kamusi inasubiri. Najiuliza kwanza limeandikwa ili lifanye nini: lieleze, liagize, lisimulie, lishawishi, au limfunge mtu? Kisha nachukua penseli na kupigia mstari vitenzi peke yake. Kazi hiyo haimalizi dakika tano, na sasa ndiyo naanza nayo kwa watu wazima ninaowafundisha jioni.

Chukua karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa. Vitenzi vimetangulia na mtenda hatajwi: "Take", "Store", "Do not". Ni amri, sawa na meza, hifadhi, usizidishe. Ukisoma maelezo ya ensaiklopidia kuhusu tembo utakuta "eat", "live", "drink". Wengi hapo hukimbilia -na-, ilhali inayotakiwa ni hu- yetu: tembo hula majani, huishi kwa makundi. Katika ripoti ya jaribio la kemia utaona "was heated" na "was added", kauli ya kutendwa, kwa sababu msomaji anataka kujua kilichofanyika ili naye aweze kukirudia. Aliyeshika chupa si muhimu kwake.

Kwenye masimulizi ndiko wanafunzi wangu wanakohangaika zaidi, na sababu yake iko ndani ya Kiswahili chenyewe. Sisi tuna -ka-. Alifika, akabisha hodi, akakaribishwa, akaketi: kiambishi kimoja kinabeba msafara mzima wa matukio. Kiingereza hakina kitu hicho, kwa hiyo mwanafunzi hujaza pengo kwa "and then". Nimewahi kusahihisha insha ya ukurasa mmoja yenye "and then" kumi na moja, na kisa chenyewe kilikuwa kizuri mno, cha bibi na mbuzi wake aliyepotea. Iliniuma kuona kinazama.

Ninachofanya ni hiki. Namwambia aandike kisa kwa Kiswahili, azungushie kila -ka-, kisha kila kitenzi kilichozungushiwa akiweke katika wakati uliopita wa Kiingereza, bila nyongeza: "She woke, called the goat and heard nothing." Vikifuatana kama matukio yalivyofuatana, msomaji wa Kiingereza huuona mfululizo mwenyewe. Akitaka kurudi nyuma ya tukio, hapo ndipo "had" inapoingia. "The goat had gone": mbuzi alikuwa ameshaondoka kabla bibi hajaamka. Neno hilo moja linarudisha saa nyuma.

Muundo nao unafuata kazi. Hadithi zetu za paukwa pakawa huficha mwisho hadi mwisho. Habari ya gazeti hutoa kila kitu katika aya ya kwanza, nani, nini, wapi, lini, kisha uzito unapungua kadiri unavyoshuka, hata mhariri akikata mistari ya chini habari inabaki hai. Vichwa vya habari vina sarufi yao: "wins" husema ameshashinda, na "Minister to visit Arusha" maana yake waziri bado hajafika.

Barua ya kuomba kazi haitaki "I hope you are fine". Kwetu kumwendea mtu na shida kabla ya salamu ni utovu wa adabu, naelewa, lakini hata barua zetu za kiofisi huanza na Yah. Ukianza na "Dear Sir", kwa desturi ya Waingereza utamaliza na "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina lake la ukoo, ni "Yours sincerely".

Kwenye tahariri na mikataba, pima uzito: "must" inalazimisha, "should" inashauri, "may" inaruhusu, "might" inakisia tu.

Nilipopanga nyumba ninayoishi sasa, mkataba ulikuwa na sentensi ileile ya rangi. Nikamwonyesha mwenye nyumba ile "shall", nikamwomba iwe "may". Akafikiri kidogo, akatoa kalamu, akaifuta na kuandika nyingine juu yake. Tukatia saini pembeni, sote wawili.