Mafuta ya Alizeti na Kinga ya Jua

Alizeti ya Dodoma na Singida hutoa mafuta ambayo wengi huyapaka mwilini. Mtumiaji akiambiwa kuwa mafuta hayo hukinga ngozi dhidi ya jua, aelewe kuwa dai hilo lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha.

Alizeti ina vitamini E kwa wingi. Vitamini hiyo ni antioksidanti, yaani kiambato kinachodhibiti kemikali haribifu zinazozalishwa na mionzi ya jua ndani ya ngozi. Hata hivyo, kupunguza madhara si kuzuia mionzi. Sehemu kubwa ya mionzi hupenya mafuta hayo, na ngozi iliyolainika vizuri huungua vilevile.

Losheni ya kukinga jua hupimwa, na kiwango chake huandikwa kwenye lebo kwa herufi SPF na namba. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, mradi ipakwe ya kutosha na kurudiwa kila baada ya saa 2. Chupa isiyo na lebo haitoi ahadi yoyote inayoweza kupimwa.

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo jua ni kali. Kwa mtu mwenye ualbino, kosa hili laweza kuishia katika saratani ya ngozi. Hatumkatazi mtu kupaka alizeti. Tunashauri aipake jioni, na mchana atumie losheni iliyopimwa, kofia pana na nguo za mikono mirefu.