Mdogo Wangu, Safari ya Kwanza Usiende Mbali

Mdogo wangu uliye huko Birmingham au Leicester, najua umeona picha za North Coast 500, ile barabara ya maili 516 inayozunguka kaskazini mwa Scotland, na moyo umeshatangulia. Shemeji umeshamwambia, watoto wanalala wakiiota. Sasa unataka kukodi gari-nyumba Ijumaa jioni na kukesha barabarani. Njoo kwanza ukae hapa karibu yangu. Kwenda sikukatazi, ila huko si kwa kuanzia.

Chagua kambi iliyo mwendo wa saa moja kutoka kwako, ulale siku moja au mbili. Usione haya kwamba ni karibu mno. Usiku wa kwanza ndio unaowagombanisha watu. Kiza kimeingia, mvua inapiga bati, mtoto anataka chooni, na hakuna anayejua hita inawashwaje. Hapo ndipo shemeji atakapokuambia neno, nawe umrudishie mawili. Mkiwa karibu na nyumbani, mkishindwa mnarudi kulala kwenu, kesho mnacheka. Mkiwa mbali mno, lawama zinapanda nanyi kitandani, na kitanda chenyewe chembamba.

Tena nakuona ulivyo siku ya kukabidhiwa funguo: unatikisa kichwa, "ndiyo, ndiyo, nimeelewa," kumbe hujaelewa hata nusu. Hiyo ni aibu ya wengi wetu, ugenini ndiyo inazidi, sikulaumu. Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliza gesi inafungwa wapi. Uliza maji safi yanajazwa wapi, na ya sinki yanamwagwa wapi. Omba uoneshwe tangi la choo linavyotolewa, maana litakapojaa hakuna wa kukutolea. Washa simu, mrekodi anayekukabidhi gari anapoeleza. Wala hatakucheka, ni kazi yake.

Leseni nayo itazame kabla hujalipa. Kama ulifaulu mtihani wa gari dogo huko Uingereza tangu tarehe 1 Januari 1997, kwa kawaida mwisho wako ni gari la kilo 3,500. Hizo ni pamoja na mizigo, na hapa nakusemesha wewe unayefungasha unga, sufuria kubwa na kreti za soda kana kwamba unakwenda harusini. Waliofaulu kabla ya hapo wengi wana ruhusa ya hadi kilo 7,500, kwa hiyo usiige gari la mjomba. Vitanda pia visikudanganye: gari la kulala watu sita laweza kuwa na mikanda minne tu. Hesabu mikanda. Mtoto asilale kitandani gari likitembea, hata akilia vipi. Mwache alie.

Urefu wa gari uandike kwa futi na inchi, uubandike mbele ya usukani. Magari haya mengi yanakaribia mita 3 kwenda juu, na mazoea ya gari dogo ndiyo yanayompeleka mtu chini ya daraja fupi au kwenye kizuizi cha maegesho ya duka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili nalisema kwa uchungu. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari. Hata likiwa limefifia, hata ukifungua dirisha kidogo, hata baridi iwe ya kutoa machozi. Kwetu unajua habari za watu waliolala na jiko chumbani na asubuhi hawakuamka. Gari-nyumba ni chumba kidogo kuliko kile, na ile hewa ya sumu haina harufu. Nyama choma nje, jiko libaki nje, na hakikisha ving'ora vya moshi na vya hewa hiyo vinafanya kazi kabla hamjalala. Hapo sibembelezi mtu.

Ukishazoea, Scotland nenda, tena nenda kwa raha. Ila usiambiwe kwamba kule unalala popote. Sheria ya ardhi ya 2003 inampa ruhusa mwenye hema na miguu yake, si mwenye gari. Tafuta kambi, ulipie. Kwenye barabara nyembamba za njia moja utakuta vijisehemu vya kupishana: si vya kuegesha wala kupikia chai. Foleni ikijipanga nyuma yako, kaa pembeni, wenyeji wana kazi na wagonjwa wao. Na njia ya Bealach na Bà, inayopanda hadi futi 2,053 kwa kona kali, iache. Kibao chenyewe kinaonya magari makubwa, nawe utakuwa ndani ya mojawapo.

Asubuhi ya kuondoka kambini, kabla ya ufunguo kuzungushwa, mmoja wenu ashuke alizunguke gari lote. Waya wa umeme uwe umechomolewa, ngazi imepandishwa, dirisha la paa limefungwa, gesi imezimwa. Shemeji akikuambia ameshaangalia, mshukuru kwa upole, kisha uende ukaangalie tena.