Mdogo Wangu, Nozeli Kubwa Siyo Nguvu

Leo namjibu mdogo wangu wa Makanyagio, hapa Mpanda. Gari lake la Toyota GX 100 kalifunga nozeli kubwa za mtumba. Anasema akikanyaga mafuta gari linakwenda, ila likitembea polepole linarukaruka, linatoa moshi mweusi na linazima kwenye matuta. Anauliza kama abadilishe pampu.

Pampu iache kwanza, mdogo wangu. Nozeli ni vali ndogo ya umeme, na kompyuta ya gari ndiyo inayopanga ikae wazi kwa milisekunde ngapi. Kompyuta hiyo haina habari kwamba umebadilisha kitu. Inafungua kwa muda uleule wa zamani, petroli inamwagika maradufu. Oksijeni sensa inaiambia kompyuta ipunguze, lakini uwezo wake wa kupunguza kwa kawaida ni kama robo tu. Petroli inayobaki inakuwa moshi, inapaka plagi masizi na kushuka kwenye oili. Chomoa stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli, mwaga oili hiyo kabla haijala injini.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo mafundi wengi wanapoteleza wakiipanga upya kompyuta. Tuseme nozeli ya zamani ilikuwa ya cc 220 kwa dakika, na gari likiwa limesimama linaunguruma, ilifunguliwa milisekunde 2.5. Katika muda huo, milisekunde 1 hupotea nozeli ikiwa bado inajifungua. Mafuta yanapita kwenye 1.5 iliyobaki. Ukifunga ya cc 440, fundi mwenye haraka atagawa 2.5 kwa mbili, apate 1.25. Toa ile 1 ya kuchelewa, inabaki 0.25. Injini imepata theluthi moja tu ya mafuta inayoyahitaji, lazima izime. Hesabu sahihi ni kugawa ile 1.5, unapata 0.75, kisha unarudisha 1 ya kuchelewa. Jibu ni 1.75. Kwenye mwendo wa kasi kosa hili halionekani kwa sababu nozeli inakaa wazi muda mrefu. Kwenye mwendo wa polepole ndipo linapokuumbua.

Muda huo wa kuchelewa hubadilika pia na umeme. Volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, nozeli inachelewa zaidi kufunguka. Ndiyo maana gari linatulia mchana, halafu usiku ukiwasha taa na AC linaanza kutetemeka.

Kwa hiyo mwambie fundi afuate mpangilio huu. Kwanza, nozeli zote zipimwe kwenye mashine, zimwage sawasawa. Pili, apate takwimu za nozeli hizo: kiasi inachomwaga, kwa presha gani, na inachelewa kiasi gani kwa kila volti. Tatu, aziingize kwenye kompyuta inayokubali kupangwa upya. Nne, ndipo arekebishe mchanganyiko gari likiwa limepata moto. Uwiano kamili wa petroli ni sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, lakini injini ikiunguruma bila mzigo inaweza kutulia zaidi ukiiongezea mafuta kidogo. Mwisho, apunguze yale mafuta ya ziada yanayomwagwa unapokanyaga ghafla. Asiposhughulikia hilo, gari litaendelea kuruka kila ukianza kuondoka.

Kama injini yako haina tabo wala haijaongezwa chochote, rudisha nozeli zake za asili. Nguvu inatokana na hewa na mafuta kwa pamoja. Mpanda tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo inavuta hewa pungufu kuliko kule. Hayo mafuta ya ziada yataungua na nini?

Na njia zetu ni za mwendo wa taratibu. Ukitoka Sitalike kuelekea Kibaoni unapita ndani ya Hifadhi ya Katavi, ambako unapaswa kwenda polepole kwa sababu ya wanyama. Gari la kukuzimikia pale katikati ya tembo halifai hata kama linakimbia vipi.

Kabla hujalipa, muulize fundi wako swali moja: nozeli hizi zinachelewa milisekunde ngapi kwenye volti 12 na kwenye volti 14? Akishindwa kujibu, chukua ufunguo wako, tafuta fundi mwingine.