Deni Lililokaa Katika Mita

Somo la vikundi vya nyumbani na Umoja wa Akina Mama

Someni kwanza: 2 Wafalme 4:1–7, Kumbukumbu la Torati 24:6 na 10–13, Warumi 13:7–8, Filemoni 17–19.



Mjane aliyemlilia Elisha hakukopa yeye. Aliyekopa alikuwa mumewe, naye alikwisha kufa. Hata hivyo mdai alikuja mlangoni kutaka kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii hakumwambia mama yule akimbie usiku, wala hakumlaani mdai. Alimwuliza ana nini nyumbani. Mafuta yalipoongezeka alimwagiza mambo matatu kwa taratibu yake: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Tuliweke neno hili mioyoni, maana siku hizi watu wengi katika mitaa ya Moshi na huku mlimani wanakutana na deni wasilolikopa. Deni hilo halingoji mlangoni. Limekaa ndani ya mita ya umeme.

Mfano wa kufikiri

Tuseme mama mmoja, muuza maandazi, amepanga nyumba ndogo kule Pasua. Amelipa kodi ya miezi sita, kama wenye nyumba wengi wanavyodai. Siku ya kwanza ananunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu. Anategemea uniti 28 hivi, kama alivyozoea alikotoka. Anapata chache sana. Anadhani amekosea namba, ananunua tena, na mambo ni yale yale. Jirani anamwambia, "Mama, mita hiyo ina deni la mpangaji aliyehama." Mwenye nyumba alijua, akanyamaza. Sasa mama huyu ataamka saa kumi alfajiri akande unga wake kwa mwanga gani?

Hawezi kusema, "Basi, nitanunua umeme kwa shirika jingine." Huko Uingereza kila kaya huweza kuchagua kampuni ya kuiuzia umeme, lakini hata huko kampuni ya zamani inaweza kumzuia mteja asihame ikiwa ana deni lililopita siku 28. Mwenye mita ya kulipa kabla ameruhusiwa kuhama pamoja na deni lake, lisipozidi pauni 500, nayo kampuni mpya hulipokea na kulikusanya. Hapa kwetu nyumba zilizounganishwa na nguzo hununua umeme kwa TANESCO. Sisi hatuhami kampuni, twahama nyumba. Na tunapohama twaweza kukuta deni la mwingine limetutangulia kuingia.

Deni huingiaje?

Zamani msoma mita alipita, ankara ikafuata, na asiyelipa alikatiwa umeme. Katika miaka ya 1990 ilikuja LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Wengi walifikiri kwamba kwa kuwa sasa twalipa kabla, hakutakuwa na deni tena. Sivyo. Mtu hununua umeme kwa namba ya mita, wala si kwa jina lake. Basi deni likiisha kuandikwa kwenye namba ile, hukatwa kwa ye yote anunuaye, awe baba mwenye nyumba au mpangaji wa jana.

Deni hilo laweza kuwa salio la ankara za zamani, au gharama iliyotozwa kwa sababu mita ilichezewa. Na kuna kodi ya majengo, ambayo watu wengi huichanganya na deni la umeme. Kodi hii ilianza kukusanywa kupitia LUKU mwezi Agosti 2021, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwezi Julai 2023 ilipanda kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme mwezi mmoja, kodi ya mwezi huo hungoja ununuzi ufuatao.

Tufanye hesabu, maana hesabu huzuia ugomvi. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mtumiaji wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa uniti moja. Juu yake huongezwa VAT asilimia 18, mchango wa umeme vijijini (REA) asilimia 3, na tozo ya EWURA asilimia 1. Jumla ni shilingi 356 na senti 24. Kwa hiyo shilingi 10,000 hutoa uniti 28. Ikikatwa kodi ya mwezi mmoja, zabaki shilingi 8,500, nazo hutoa uniti 23 na kitu. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, yaani 122 pamoja na makato hayo. Ukihamia nyumba iliyo katika kundi jingine la bei, uniti zako zitapungua hata kama hakuna deni lo lote. Basi usimshitaki mtu kabla hujasoma stakabadhi yako.

Nyumba za Krismasi

Huku mlimani tuna jambo letu. Katika vihamba vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo zipo nyumba nzuri ambazo hufungwa Januari na kufunguliwa Desemba, wana wanapopanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Nyumba iliyo katika orodha ya kodi, ikinunuliwa umeme Januari na isinunuliwe tena mpaka Desemba, itadaiwa miezi 11, yaani shilingi 16,500. Kaka atumapo shilingi 20,000 za umeme wa sikukuu hubaki 3,500, nazo ni uniti zisizofika 10. Ndipo wasiojua humgeukia mdogo wao aliyebaki kutunza kihamba na kumwambia, "Umekula hela!" Sikukuu ya Amani huanza kwa matusi.

Na mara nyingi mita ile ingali kwa jina la baba aliyelala kaburini miaka mingi. Kitinda mimba amerithi nyumba, amerithi migomba, na amerithi mita. Wenzake walitumia umeme ule wakiwa wageni, lakini deni limebaki kwake peke yake. Ukoo wenye busara hukaa pamoja siku ya kugawana, huuliza nani alimdai marehemu na marehemu alimdai nani. Siku hizi swali hilo lifike mpaka kwenye mita.

Tufanye nini?

Kabla ya kuingia. Usilipe kodi ya pango kabla hujaiuliza mita. Chukua namba yake, mwombe mwenye nyumba mnunue umeme kidogo mbele ya macho yenu wote wawili, na msome stakabadhi pamoja: bei ya umeme, kodi, na deni kama lipo. Mkikuta deni, mwandike katika mkataba ni kiasi gani na nani atalilipa. Mwandike pia uniti zilizobaki siku hiyo. Mjumbe wa mtaa au mzee wa kanisa awe shahidi. Si dharau kwa mwenye nyumba. Mithali 6 yatuonya tusijifunge kwa deni la mwingine pasipo kufikiri.

Ukiwa umekwisha kuingia. Usikae ukinung'unika. Nenda ofisi ya TANESCO ukiwa na namba ya mita, stakabadhi zako na mkataba unaoonyesha tarehe uliyoingia. Uliza mambo matatu: deni hili ni la nini, ni la tangu lini, na limebaki kiasi gani? Ukiona ni halali lakini ni zito, omba kulilipa kidogo kidogo. Bwana wetu katika Mathayo 5 alifundisha kupatana na mshitaki wako upesi, mngali njiani. Deni linalozungumzwa mapema hulipika, bali deni linalofichwa huzaa.

Kama ni kodi ya majengo. Wajibu wa kodi hiyo ni wa mwenye jengo. Mpangaji aliyekatwa aweke stakabadhi zake, apatane na mwenye nyumba zipunguzwe katika pango. Kama jengo moja lina mita zaidi ya moja na kila moja inakatwa, mwenye jengo apeleke habari kwa wakusanyaji wa kodi ili irekebishwe. Wazee waliotimiza miaka 60 na watu wenye ulemavu waulize habari za msamaha wa nyumba wanayoishi. Vijana wetu wawasindikize, maana mzee huchoka kupanga foleni.

Usiposikilizwa. Andika malalamiko kwa barua, ubaki na nakala yenye mhuri. Nchi yetu ina EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, iliyoanza kazi mwaka 2006, nayo ina ofisi ya kanda hapo Arusha. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, lililowekwa kuwasemea wanunuzi. Taratibu ni kuanza kwa shirika lenyewe, kisha kwenda EWURA. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA aweza kukata rufani katika Baraza la Ushindani. Kudai haki kwa utaratibu si ukaidi. Paulo naye alidai haki yake ya uraia.

Usiguse mita. Wapo vijana watakaokuambia, "Nipe elfu ishirini, deni litapotea." Halipotei. Ni wizi, laweza kuua mtu au kuchoma nyumba, na atakayefuata kupanga humo atakuta deni kubwa kuliko lile ulilokuta wewe. Utakuwa umemfanyia mwenzio kile kile kilichokuliza.

Neno kwa wadeni na wadai

Tusidhani deni ni aibu ya wanyonge tu. Mwezi Machi 2017 Rais John Magufuli aliitaka TANESCO iwakatie umeme wadaiwa sugu bila kujali vyeo. Wakati huo Shirika la Umeme Zanzibar peke yake lilikuwa likidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Kama mashirika hulemewa, mjane atashindwaje kulemewa?

Kwa hiyo Torati iliweka mipaka. Mdai asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, maana hilo ndilo uhai wa mtu. Asiingie nyumbani kunyakua rehani, bali angoje nje. Vazi la maskini alirudishe kabla ya jua kuchwa. Mwenye nyumba Mkristo asome maneno haya mara mbili. Taa ya mama muuza maandazi ni jiwe lake la kusagia. Kumpangishia nyumba huku ukijua deni na kunyamaza ni kuweka mkono juu ya jiwe hilo. Wewe ulikula pango la aliyehama, usimtwishe aliyekuja.

Na aliyehama je? Warumi 13 yataka tumlipe kila mtu haki yake, tubaki na deni la upendo tu. Ukihama na kuacha deni katika mita, hujalikimbia. Umempa mtu usiyemjua alilipe, naye huenda akawa maskini kuliko wewe. Wazee wa Kichagga walikuwa na desturi njema. Aliyekosa alishika jani la sale, akaenda nalo kwa aliyemkosea, na mwenye kuliona jani lile hakuweza kumfukuza. Basi chukua sale lako, rudi kwa mwenye nyumba ile, useme, "Lile deni ni langu, nimekuja kulimaliza."

Mwisho tumtazame Paulo. Alimwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake Paulo. Hakukana kwamba deni lipo, bali aliweka bega lake chini ya mzigo wa ndugu. Kikundi cha nyumbani kikisikia mwenzao yu gizani kwa deni lisilo lake, kisimpe pole tupu. Mmoja asome stakabadhi, mmoja amsindikize ofisini, mmoja azungumze na mwenye nyumba, na wote wachange kidogo wakiweza. Hayo ndiyo mafuta yetu ya nyumbani.

Maswali ya kuzungumza

1. Elisha alimwagiza mjane alipe kwanza, ndipo aishi kwa kilichobaki. Kwa nini aliweka taratibu hiyo?
2. Je, mita ya nyumba yako ni kwa jina la nani? Kama ni la marehemu, ukoo umekubaliana nini?
3. Mwenye nyumba anayeficha deni na mpangaji anayehama akiliacha: ni nani aliyekosa zaidi, na kila mmoja atatengenezaje?
4. Katika mtaa wetu kuna nani aliye gizani sasa? Ni nani kati yetu atakwenda naye ofisini juma hili?

Sala

Ee Mungu wa mjane na yatima, uliyetusamehe deni tusiloweza kulilipa, utupe ukweli wa kukiri tunachodaiwa, na moyo wa kumsaidia aliyelemewa na lisilo lake. Nuru yako isizimike nyumbani mwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.