Urithi wa Kijiji Huishi Wapi?

Zamani kaya za Waha zilitawanyika vilimani, kila moja na migomba yake. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma: watu wa Kasulu na Kibondo walihamishiwa vijiji vya ujamaa, vingi kando ya barabara. Lengo lilikuwa kuwasogezea shule, zahanati na maji. Migomba na makaburi ya wazee vilibaki nyuma.

Je, urithi nao ulibaki huko? Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo, anafananisha kumbukumbu na kumbi pana: yaliyopita yamo ndani ya mtu. Basi urithi ulihama pamoja na watu, katika lugha ya Kiha na katika salamu ndefu za kupiga makofi. Lakini mzee akifariki bila kuulizwa, ukumbi wake hufungwa. Waliohama wakiwa watu wazima sasa ni wachache.

Ndugu mseminari, nawe mwanajumuiya, likizo hii mtembelee mzee mmoja. Muulize alitoka kilima gani, na nani wamezikwa pale. Andika majina hayo, kisha yapeleke kwenye sala ya Jumuiya, marehemu hao waombewe kwa majina yao.